Antene za "mfumo wazi": feza inaingia wapi, na rezo itafika lini kwenye vijiji vya Fizi?

Katika vijiji vingi vya teritwari yetu ya Fizi kuna mahali pamoja tu ambapo simu inashika. Pengine ni juu ya kichuguu, pengine ni chini ya mwembe fulani, pengine ni kilima ambacho mtu anapanda kwa nusu saa. Watu wamezoea. Ukiuliza fulani yuko wapi, watakujibu: "Amepanda kwenye rezo."

Sisi wa redio tunaijua hali hiyo vizuri. Mwandishi wa habari akitoka Baraka kwenda upande wa Lulenge ao Ngandja, sauti aliyoikamata kijijini inabaki ndani ya simu yake mpaka arudi pahali penye rezo. Mimi mwenyewe niliwahi kubeba habari ya ugonjwa wa watoto siku mbili kwenye piki-piki kabla ya kuweza kuituma. Siku ilipopita hewani, wazazi wa kijiji kile walikuwa wamekwisha kujua mengi kuliko sisi, na wale wa vijiji vya jirani, ambao habari ingewasaidia, walikuwa wamechelewa.

Ndiyo maana tunapaswa kusikiliza vizuri wakati kampuni za simu na wakubwa wa serikali wanasema kuna antene za namna mpya, za bei nafuu, ambazo zitafika hata kule ambako gari halifiki. Nyuma ya maneno hayo kuna jina moja la kizungu: Open RAN. Leo tujaribu kueleza kitu hiki ni nini, juu ya nini dunia inakitilia feza nyingi, kimegusa Kongo namna gani, na kinaweza kubadilisha nini kwa mtu wa Mboko, wa Kazimia ao wa Kilembwe.

Kwanza, rezo inatoka wapi?

Rezo (wenzetu wa Tanzania wanasema mtandao) ina sehemu mbili kubwa. Sehemu ya kwanza ni moyo wake. Hizo ni mashini zilizo kwenye miji mikubwa, zinazojua namba yako, inite zako, na zinazounganisha simu ya mtu wa Baraka na ya mtu wa Lubumbashi. Sehemu ya pili ni ile inayosema na simu yako kwa mawimbi ya redio. Hiyo ndiyo munaiona kwa macho: mnara wa chuma, antene juu, na kisanduku chini. Mafundi wanaita sehemu hiyo RAN. Ndiyo inayokula feza nyingi zaidi katika kujenga rezo, kwa sababu moyo wa rezo unaweza kuwa mmoja ao miwili kwa inchi nzima, lakini minara inatakiwa kuwa maelfu.

Kwenye mnara mmoja kuna vitu vitatu vya kukumbuka. Cha kwanza ni antene yenyewe, inayotoa na kupokea mawimbi. Cha pili ni redio, kisanduku kinachotia nguvu katika mawimbi hayo. Cha tatu ni ubongo, mashini inayogeuza mawimbi kuwa sauti, ujumbe ao intaneti, na kuamua nani aseme saa gani ili simu mia zisigongane hewani.

Tangu mwanzo wa simu za mkononi, redio na ubongo vimekuwa vikitoka kwa mtengenezaji mmoja. Duniani wakubwa ni watano: Huawei na ZTE wa China, Ericsson wa Sweden, Nokia wa Finland, na Samsung wa Korea ya Kusini. Waya unaounganisha redio na ubongo unapitisha lugha ambayo mtengenezaji peke yake ndiye anayeijua sawasawa. Ukinunua ubongo kwa Huawei, redio utanunua kwa Huawei. Kikiharibika kifaa kimoja baada ya miaka mitano, unarudi kwa yule yule, na bei anasema yeye.

"Wazi" maana yake nini?

Chukua mfano wa studio yetu. Mikro tulinunua kwa mtu mmoja, mezani pa kuchanganyia sauti kuna mashini ya kampuni ingine, na emeteri inayopeleka sauti hewani imetengenezwa na watu wengine kabisa, katika inchi ingine. Lakini vyote vinafanya kazi pamoja. Juu ya nini? Kwa sababu tundu la jaki ni moja dunia nzima. Mikro ikikufa leo, fundi anaenda sokoni Uvira, ananunua ya kampuni yoyote, anachomeka, na kipindi cha jioni kinaendelea. Hatuulizi mtengenezaji wa emeteri ruhusa.

Sasa waza kama kila kampuni ingekuwa na tundu lake. Mikro ikifa, ungelazimika kununua mikro ya yule aliyekuuzia emeteri, kwa bei yake, ao kutupa vyote na kuanza upya. Hivyo ndivyo rezo za simu zilivyokaa kwa miaka mingi.

Open RAN ni jaribio la kuwa na "tundu la jaki" moja kwa minara ya simu. Watu wamekubaliana lugha ambayo redio na ubongo watazungumza, na lugha hiyo imeandikwa wazi ili kampuni yoyote iweze kutengeneza kifaa kinachoifuata. Jambo la pili ni kwamba ubongo haulazimiki tena kuwa mashini ya pekee. Unaweza kuwa programu inayotembea ndani ya kompyuta ya kawaida, kama zile zinazouzwa kwa mabenki na hospitali.

Waliosukuma wazo hili wanajulikana. Mwaka 2016 kampuni ya Facebook pamoja na kampuni kadhaa za simu walianzisha muungano unaoitwa Telecom Infra Project. Mwaka 2018 kampuni tano za simu, yaani AT&T ya Marekani, China Mobile, Deutsche Telekom ya Ujerumani, NTT Docomo ya Japani na Orange ya Ufaransa, zilianzisha muungano mwingine unaoitwa O-RAN Alliance, ambao kazi yake ni kuandika ile lugha ya pamoja. Orange ni ile ile munayoijua hapa kwetu.

Juu ya nini dunia inatia feza humo?

Kuna sababu mbili, na tusizichanganye.

Sababu ya kwanza ni bei. Kampuni za simu zimechoka kuwa mateka wa wauzaji wachache. Mnunuzi akiwa na wauzaji kumi mbele yake, anasema bei. Akiwa na wawili, anaambiwa bei. Mama yeyote anayenunua ndagala ufukweni mwa Baraka anajua jambo hili kuliko profesa. Siku mitumbwi mingi imerudi na samaki, yeye ndiye anayechagua. Siku umerudi mtumbwi mmoja, mvuvi ndiye mfalme.

Sababu ya pili ni siasa. Marekani na wenzake hawataki vifaa vya China katika rezo zao. Uingereza ilikata shauri mwaka 2020 kwamba vifaa vya Huawei vitolewe katika rezo ya 5G mpaka mwisho wa 2027. Lakini ukimtoa Huawei, unabaki na wauzaji wachache zaidi. Ndiyo maana serikali hizo zinatoa feza ili wauzaji wapya wazaliwe. Katika sheria ya mwaka 2022, Marekani ilitenga dola milioni 1,500 kwa ajili ya kazi hiyo. Uingereza nayo ilisema inatamani sehemu 35 kwa mia ya mawasiliano ya rezo zake ipite kwenye mfumo wazi mpaka 2030.

Matokeo yake mpaka sasa ni ya kuchanganya. Japani, kampuni ya Rakuten ilifungua mwaka 2020 rezo nzima iliyojengwa kwa namna hiyo. Mwisho wa mwaka 2023, AT&T ilitangaza mapatano ya miaka mitano yanayoweza kufika karibu dola milioni elfu 14 ili kugeuza rezo yake kuwa ya mfumo wazi. Lakini mapatano hayo makubwa ilimpa nani? Ericsson, mmoja wa wale wakubwa watano. Kwa upande mwingine, Parallel Wireless, kampuni ndogo ya Marekani iliyosifiwa sana kwa antene za vijijini, ililazimika kupunguza wafanyakazi wengi mwaka 2022. Hivyo mlango umefunguliwa wazi, lakini wengi wanaoingia ni wale wale waliokuwa ndani.

Kisha kuna jambo ambalo mtu wa Fizi anapaswa kulijua. Lugha ya pamoja ya O-RAN Alliance imeandikwa kwanza kwa ajili ya 4G na 5G. Lakini kijijini kwetu simu iliyo mkononi ni simu ya batoni, ile ya tochi, inayojua 2G peke yake. Rezo ya mfumo wazi isiyobeba 2G ni kama mashua nzuri isiyofika ufuko wako. Kampuni zinazofanya kazi Afrika zilipaswa kutafuta watengenezaji walio tayari kutia 2G na 4G katika kisanduku kimoja.

Kongo imo namna gani?

Inchi yetu ina historia yake na wauzaji wa antene. Wazee watakumbuka Congo China Télécom, tuliyoiita CCT. Ndani ya kampuni hiyo serikali yetu ilikuwa na hisa pamoja na ZTE, mtengenezaji wa vifaa kutoka China. Muuza antene na muuza inite walikuwa nyumba moja. Mwaka 2011 Orange iliinunua, na mwaka 2016 ikanunua pia Tigo. Leo katika sehemu yetu munasikia majina matatu: Vodacom, Airtel na Orange.

Mwezi wa kumi 2019, Vodafone ya Uingereza, mwenye hisa mkubwa katika kundi la Vodacom, ilitangaza kwamba itajaribu Open RAN nyumbani kwake Uingereza. Katika tangazo hilo hilo, inchi mbili za Afrika zilitajwa kuwa mahali pa majaribio: Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu Uturuki. Kwa hiyo jina la Kongo liko kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa hadithi hii. Haikuwa bahati tu. Walitaka kuona kama kifaa cha bei nafuu kinaweza kuvumilia mahali ambapo barabara ni mbaya, umeme hakuna, na wateja hawana feza nyingi. Wakati ule ule, MTN ya Afrika ya Kusini, yenye rezo Uganda, Zambia na kwingineko, ilisema itaweka antene za namna hiyo kwenye maelfu ya vijiji.

Mwaka 2021 Orange nayo ilitangaza mpango wa minara 2,000 ya vijijini katika Kongo, inayotumia nguvu ya jua, kwa miaka kadhaa. Mpango huo ilikubaliana na kampuni mbili: NuRAN Wireless ya Kanada na Africa Mobile Networks, inayojulikana kama AMN. Baadaye tena, Orange na Vodacom, ambao sokoni ni washindani, wakatangaza kuungana ili kujenga minara ya jua ya vijijini itakayotumiwa na wote wawili, yenye 2G na 4G.

Tuseme ukweli: si kila mnara mdogo wa kijijini ni Open RAN kwa maana kamili ya neno. Visanduku vingine vya NuRAN ao AMN vinatoka kwa mtengenezaji mmoja, na vinafanya kazi kwa namna yao. Lakini wazo ni ndugu moja: kifaa kidogo, chenye programu nyingi na chuma kidogo, kinachokula umeme kidogo, kutoka kwa mtu mwingine asiye mmoja wa wakubwa watano.

Hesabu ya kijiji kimoja

Tuchukue kijiji cha mfano, hatukitaji jina. Tuseme kina simu 400. Kila mwenye simu ananunua inite za franka 1,500 kwa mwezi. Jumla ni franka 600,000. Kabla kampuni haijaanza kuhesabu faida, humo mutoe kodi za serikali na kamisio ya wauzaji wa inite.

Sasa tuweke mnara wa kawaida, wenye jenereta ya mazutu. Tuseme jenereta inakula lita moja na nusu kwa saa. Kwa siku ni lita 36. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 1,080. Tuseme lita moja imefika kijijini kwa franka 4,000, pamoja na usafiri. Ni franka 4,320,000 kwa mwezi, kwa mazutu peke yake. Hatujalipa mlinzi, hatujalipa fundi, hatujalipa sateliti. Kijiji kinaingiza 600,000, mazutu inakula zaidi ya mara saba ya hapo.

Hapo tunaelewa kwa nini kampuni haiji. Si kwamba wanatuchukia. Hesabu inakataa.

Sasa tubadilishe. Mnara mfupi, redio ndogo inayokula umeme karibu sawa na televisheni moja, pano za sola na batri, hakuna jenereta. Mazutu inaondoka yote katika hesabu. Inabaki feza ya kujenga mwanzoni, malipo ya sateliti, na matengenezo. Kijiji cha simu 400, pengine kikiunganishwa na vijiji viwili vya jirani, kinaanza kuonekana katika macho ya mwenye feza.

Kwa hiyo kilicholeta tofauti kubwa katika mfano wetu ni umeme kidogo na jua, kuliko hata bei ya redio. Redio ya mfumo wazi inasaidia kwa njia mbili: inanunuliwa kwa bei ya chini kwa sababu wauzaji ni wengi, na kisanduku kidogo kinakubali kuishi kwa jua. Mtu akikuambia Open RAN ndiyo italeta rezo Kilembwe, mwulize kwanza habari ya batri.

Vitu ambavyo kifaa cha bei nafuu hakiwezi kutengeneza

Cha kwanza ni barabara. Teritwari ya Fizi ni zaidi ya kilometa mraba 15,000. Kutoka Uvira mpaka Baraka, barabara ya taifa namba 5 ni kilometa karibu 90, na wakati wa mvua dereva anaweza kulala njiani. Toka Baraka, panda Fizi-centre, shuka mpaka Lulimba na Misisi, na umekwisha kujua hali. Kisanduku kinaweza kuwa cha bei nafuu katika kiwanda, lakini kikifika Lulenge kimekwisha kulipiwa gari, mashua, piki-piki na mabega ya watu.

Cha pili ni njia ya kutoka kijijini. Antene inasema na simu zenu, lakini yenyewe inapaswa kusema na moyo wa rezo ulio mbali. Mjini wanatumia faiba ao mawimbi ya mnara kwa mnara. Kwenye milima yetu, mara nyingi inabaki sateliti. Sateliti za zamani zinakaa kilometa karibu 36,000 juu, na malipo yake ni ya kila mwezi, wateja wawepo wasiwepo. Sateliti mpya za chini, kama zile za Starlink, zinakaa kilometa 550 hivi, na zinapitisha mengi zaidi. ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia posta na simu, iliikataza Starlink mwezi wa tatu 2024, kisha ikaipa ruhusa mwezi wa tano 2025. Mlango huo unaweza kupunguza gharama za minara ya vijijini kuliko hata Open RAN yenyewe.

Cha tatu ni usalama. Fundi haendi pahali penye risasi. Pano za sola na batri ni vitu ambavyo mwenye bunduki anavitamani, na mwizi wa kawaida pia. Mnara bila mlinzi anayejulikana na kijiji haukai. Tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, munajua wenyewe namna simu ilivyogeuka kuwa kitu cha kwanza ambacho familia inatafuta: nani amevuka, nani amefika, nani hajajibu. Siku kama hizo mnara uliokufa si hasara ya kampuni tu.

Cha nne ni mtu wa kuulizwa. Huu ni udhaifu wa mfumo wazi wenyewe. Kama redio ni ya kampuni moja, ubongo ni programu ya kampuni ya pili, na sateliti ni ya tatu, siku rezo inakatika nani ana kosa? Wa redio atasema ni programu. Wa programu atasema ni sateliti. Munajua ile hadithi ya fundi wa mota na fundi wa mashua, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole, na abiria wako katikati ya ziwa. Ndiyo sababu kampuni zingine za simu zinapenda kulipa bei kubwa kwa muuzaji mmoja: angalau wanajua mlango wa kugonga.

Nani analipa?

Katika mipango mingi ya vijijini leo, kampuni ya simu hainunui mnara. Mtu mwingine anajenga kwa feza yake ao kwa mkopo, anaendesha, na kampuni ya simu inamlipa kwa mwezi ao inagawana naye mapato ya inite. Mapatano yanadumu miaka mingi. Jambo hili ni zuri kwa sababu linaleta feza mpya. Lakini lina upande mwingine. Mjenzi anapata feza yake kijiji kikiongea sana. Hivyo atachagua kwanza kijiji chenye soko, chenye dhahabu, chenye kambi ya wakimbizi, kabla ya kijiji cha wakulima peke yao. Misisi itapata mnara wa tatu kabla ya vijiji vingine kupata wa kwanza. Si uovu, ni hesabu ile ile.

Hapo ndipo serikali inapaswa kuingia. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020 inazungumza juu ya mfuko wa pekee, FDSU, ambao kazi yake ni kusaidia mawasiliano yafike pahali ambapo biashara peke yake haifiki. Ni feza ya wote. Kila mtu anayenunua inite ana sehemu humo, hata kama hajui.

Na wananchi wana haki ya kuuliza kwa sauti, kwa sababu wamewahi kuumia. Tunakumbuka RAM, ile kodi ya mwaka 2020. Dola moja kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola saba kwa simu ya 3G na 4G, ikikatwa kidogo kidogo ndani ya inite. Mtu anatia inite asubuhi, saa sita zimepungua hajaongea. Kelele za wananchi na wabunge zilifanya iondolewe mwaka 2022. Somo lake ni hili: feza inayokatwa kwa jina la rezo lazima ionekane katika rezo.

Maswali ya kubeba siku wageni wanafika

Siku wageni wanafika kijijini kwenu kupima kiwanja cha mnara, usiulize tu "mutatupa kazi ngapi?" Kazi za kuchimba msingi zinaisha kwa wiki mbili. Hapa kuna maswali yatakayobaki na maana miaka kumi:

Mnara utakula nini? Ni jua peke yake, ao jenereta? Batri zitabadilishwa baada ya miaka mingapi, na nani atazinunua?

Utabeba 2G na 4G pamoja, ao moja tu? Mwenye simu ya batoni asiachwe.

Kampuni ngapi zitautumia? Mnara mmoja unaobeba kampuni mbili unawapa watu bei mbili za kuchagua.

Fundi wa karibu atakaa wapi? Baraka? Uvira? Kinshasa? Kukiwa na hitilafu, namba ya kuita ni ipi, na inajibiwa na nani?

Kiwanja ni cha nani kwenye karatasi? Mapatano yaandikwe kwa lugha ambayo mwenye shamba anaisoma, na nakala moja ibaki kwake. Chefu wa kijiji awe shahidi, asiwe mwenye kupokea peke yake.

Na swali kwa vijana wetu: je, watu wa hapa watafundishwa? Mfumo wazi una faida moja ambayo haisemwi sana. Kwa sababu ubongo wa mnara unakuwa programu ndani ya kompyuta ya kawaida, na lugha yake imeandikwa wazi, kijana wa Baraka anayejua umeme na kompyuta anaweza kujifunza. Katika mfumo wa zamani, hata kufungua sanduku kulihitaji mtu wa kampuni. Lakini faida hiyo haiji peke yake. Isipoandikwa katika mapatano, fundi ataendelea kutoka mbali, na nyinyi mutaendelea kungoja.

Tumefika wapi?

Open RAN si muujiza na si uongo. Ni njia ya kuvunja nguvu ya wauzaji wachache, na imesaidia kuleta mawazo ya antene ndogo za bei nafuu katika inchi kama yetu. Lakini kwa kijiji cha Fizi, antene ni tofali moja tu la nyumba. Matofali mengine ni jua, sateliti, barabara, usalama, na mapatano yanayosomeka.

Basi wakati munasikia kwenye habari kwamba mamilioni ya dola yamewekwa katika rezo za vijijini za Kongo, musipige makofi haraka na musicheke haraka. Ulizeni ni vijiji gani, kwa majina. Orodha ya majina ya vijiji ndiyo mwanzo wa ukweli. Mpango usio na orodha, hata ukiwa na minara elfu mbili, bado uko kwenye karatasi. Na mtu wetu wa Lulenge bado anapanda kilima na simu mkononi, akitafuta pahali pa kushika.